Kutyuni droni na regulata za bagpaipu za Ireland: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wanaojifunza bagpaipu za kiwiko za Ireland hukwama mahali pale pale. Chanta, yaani bomba la kuchezea lenye matundu, inalia vizuri ikiwa peke yake. Mtu anafungulia droni, mabomba yanayovuma noti moja bila kukoma, zivume chini yake, anavuta hii, anasukuma ile, na saa nzima baadaye sauti bado inayumba. Akigusa regulata, mabomba yenye vibonyezo vya kupigia akodi (noti kadhaa kwa pamoja), ndiyo kabisa: akodi iliyotakiwa kuwa tamu inakwaruza masikio. Mwisho anaegesha simu mezani, anafuata mshale wa tyuna, programu ya kupimia noti, noti moja baada ya nyingine mpaka zote zinakuwa kijani. Anazipiga pamoja, zinagombana vile vile.

Mara nyingi ala yenyewe haina kosa. Kosa liko kwenye mpangilio wa kazi, na kwenye kuiamini simu mahali pasipostahili. Chanta, droni tatu na regulata tatu zote zinakula hewa ya mfuko mmoja. Ukiigusa ya tatu kabla ya ya kwanza, unamfunga bandeji mguuni mtu anayeumwa jino.

Mwongozo huu ni wa seti kamili ya D, ile ya kupigia na ala nyingine, A ikiwa hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Mwenye seti ya zamani ya C, B au B bapa afuate hatua hizi hizi, abadilishe majina ya noti tu. Mwenye nusu seti isiyo na regulata aishie hatua ya 5, kisha aruke hadi sehemu ya joto na unyevu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Seti yenyewe, ikiwa imekaa nje ya sanduku kwa saa moja hivi katika chumba utakachochezea.
- Uzi wa katani au pamba, uliosuguliwa kwa nta ya nyuki.
- Nta ya nyuki kidogo, ya kulainisha kwa vidole.
- Unywele mmoja mrefu wa kichwani. Si mzaha, utauhitaji.
- Tepu nyeupe ya mafundi bomba.
- Mpira wa maji unaoonyesha ndani, mwembamba, wa mita 2, na maji yenye tone la rangi ya chakula.
- Vizibo vya mpira vya kuziba matundu ya kigogo, kile kipande kinene cha mbao kinachoshika mabomba.
- Koleo ndogo yenye ncha nyembamba.
- Daftari na penseli.
- Simu yenye tyuna. Utaitumia mara moja.

Kisu na msasa viache kwenye droo. Ulichokikwangua hakirudi, na seti nyingi zinazofika kwa mafundi zimeshakwanguliwa na wenyewe.

## Kilicho mikononi mwako

Usiruke sehemu hii, maana bila kuielewa utakuwa unabahatisha.

Droni ni bomba lenye njia ya hewa ya upana mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kichwani lina tete (kipande kinachotetemeka kutoa sauti) la ulimi mmoja. Bomba la namna hiyo hutoa wimbi lenye urefu wa mara nne ya bomba lenyewe. Kwa kasi ya sauti ya mita 343 kwa sekunde, katika joto la nyuzi 20, hesabu inakuja hivi:

- Droni ya tenori: D ya hezi 293.7, urefu kama sentimita 29.
- Droni ya baritoni: D ya oktava moja chini, hezi 146.8, kama sentimita 58.
- Droni ya besi: oktava nyingine chini, hezi 73.4, kama sentimita 117.

Kwenye seti halisi vipimo hupungua kidogo kwa sababu tete nalo linahesabika. Besi ya zaidi ya mita moja haiwezi kulala mapajani pa mtu aliyekaa kitini, kwa hiyo imekunjwa: njia ya hewa inakwenda, inapinda, inarudi. Kupinda hakubadilishi noti. Urefu ndio unaoamua.

Regulata ni jambo jingine kabisa. Njia yake ya hewa inapanuka kadiri inavyokwenda, tete lake ni la ndimi mbili kama la zumari ya pwani, na mwisho wake umezibwa. Juu yake kuna vibonyezo vinavyobanwa na springi. Presha ya mfuko iko pale muda wote, lakini vibonyezo vyote vikiwa vimefunga, hewa haina pa kutokea na tete linakaa kimya. Mchezaji, huku vidole vyake viko kwenye chanta, anakilaza kifundo cha mkono wa chini juu ya vibonyezo, na noti inatoka.

Noti za regulata ni hizi. Tenori ina F#, G, A, B na C. Baritoni ina D, F#, G na A. Besi ina G, A, B na C. Jumla vibonyezo 13, vimepangwa sambamba ili kifundo kimoja kiguse viwili au vitatu kwa mpigo. Zipo seti kubwa za karne ya 19 zenye regulata nne au tano. Kazi ni ile ile, subira tu ndiyo inaongezeka.

Kwa hiyo droni ina noti moja na mahali pawili pa kurekebisha, urefu na tete. Regulata ina noti nne au tano zinazotegemea tete moja. Ukisogeza tete, noti zote zinahama, na hazihami sawasawa. Hapo ndipo kazi ilipo.

## Hatua ya 1: Ziba uvujaji

Chomoa chanta, droni na regulata zote. Ziba matundu yote ya kigogo, na tundu la chanta pia. Jaza mfuko kwa mivukuto, kile kipulizio cha chini ya kiwiko kingine, mpaka ukaze, kisha uukandamize kwa kiwiko bila kupuliza zaidi.

Sababu: hewa inayotoroka hukulazimisha kusukuma kwa nguvu zisizo sawa, na presha isiyo sawa ndiyo huyumbisha noti. Watu wengi wanaolaumu matete yao wana mshono unaovuja.

Ukisikia mlio wa hewa, sogeza shavu lako karibu na mishono na maungio, ngozi ya uso inahisi upepo mdogo kuliko kiganja. Kiungo kilicholegea kiongezee uzi wenye nta. Tepu ya mafundi bomba inafaa kwa majaribio ya leo, ila kesho weka uzi, kwa sababu tepu huteleza.

Angalia pia vali ya mivukuto. Mfuko ukiwa umejaa, fungua mivukuto polepole: kama inafunguka yenyewe au unahisi hewa ikirudi, kingozi cha vali hakilali vizuri.

Umefaulu pale mfuko uliojaa unapokaa mgumu chini ya kiwiko huku ukihesabu taratibu mpaka 20, na kiwiko hakizami.

## Hatua ya 2: Ijue presha yako

Pinda ule mpira mwangavu uwe umbo la U, ufunge kwenye ubao, umimine maji yenye rangi mpaka yafike nusu ya kila upande. Ncha moja iache wazi. Ncha nyingine ipitishe kwenye kizibo chenye tundu, ukichomeke pale inapokaa mojawapo ya regulata.

Rudisha chanta peke yake. Piga D ya chini, uitulize, na utazame tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili. Iandike. Ruka oktava ya pili, uandike tena.

Usitafute namba ya mwenzako mtandaoni. Kila chanta ina tete lake na kila tete lina presha yake. Unachotafuta ni namba yako wewe, kwa sababu kuanzia hapa kila kitu kitatyuniwa kwenye presha hiyo hiyo.

Onyo: anayetoka kwenye bagpaipu za Uskoti, kama wapiga bendi za jeshi kule Oman, huwa anasukuma mno. Seti ya Ireland inataka mkono mwepesi zaidi. Maji yakiruka juu kila unapobadilisha noti, fanya mazoezi ya kuyatuliza kabla ya kwenda mbele. Hakuna njia ya mkato hapa.

Umefaulu ikiwa unaweza kushika D ya chini na maji yakatulia, yakicheza kidogo tu unapojaza mfuko upya.

## Hatua ya 3: Chanta, kisha droni ya tenori

Hapa ndipo simu inapofanya kazi yake, na ni mara hiyo moja. Piga A kwenye chanta kwa presha yako. Ikiwa mbali na hezi 440, sukuma tete la chanta ndani kupandisha au livute nje kushusha, hatua ndogo ndogo. Ikikaa sawa, zima simu.

Weka droni ya tenori tu, mbili nyingine uzizibe. Fungulia swichi ya droni. Piga D ya chini kwenye chanta, usikilize.

Sauti mbili zinazokaribiana bila kulingana hutoa mapigo: wa, wa, wa. Idadi ya mapigo kwa sekunde ni tofauti ya hezi kati yao. Droni ikiwa hezi 295.7 na chanta 293.7, utasikia mapigo mawili kila sekunde. Vuta kiungo cha droni kidogo, droni inarefuka na noti inashuka. Mapigo yakipungua, uko njia sahihi, yakiongezeka, rudi.

Kwa tenori, kusogeza milimita 1 hubadilisha karibu hezi 1. Ni mwendo mdogo. Zungusha kiungo huku unakivuta, usikivute moja kwa moja, la sivyo kitaruka milimita 5 mara moja nawe utapoteza mahali ulipokuwa.

Umefaulu mapigo yanaponyooka kabisa na D ya chanta inaonekana kuzama ndani ya droni. Jaribu pia D ya oktava ya pili: droni isibadilike unaposukuma zaidi. Ikibadilika, nenda sehemu ya matete hapa chini kabla ya kuigusa baritoni.

## Hatua ya 4: Droni ya baritoni

Sasa chanta inyamaze. Izibe mwisho wake gotini na funika matundu yake. Tenori ndiyo kipimo, na baritoni inaifuata.

Hapa mapigo yanatoka kwenye sauti ndogo zilizo ndani ya baritoni, siyo kwenye noti yake ya chini. Kosa la nusu hezi kwenye baritoni linasikika kama pigo moja kila sekunde, maana sauti yake ya oktava ya juu inakosea mara mbili zaidi. Ili kuliondoa pigo hilo moja utasogeza kiungo karibu milimita 2.

Kosa linalorudiwa na wengi: wakishindwa kuipata baritoni, wanaigusa tenori kidogo kusaidia. Usifanye hivyo. Ukishaigusa tenori huna tena kipimo, umebaki na vitu viwili vinavyofukuzana.

## Hatua ya 5: Droni ya besi

Besi husikika kwa kifua kabla ya masikio, na ndiyo maana wengi huiacha ikiwa na kosa. Kosa la robo hezi tu linatosha kuleta pigo moja kwa sekunde dhidi ya tenori. Kusahihisha kosa hilo ni mwendo wa kama milimita 4, kwa sababu bomba ni refu. Kwa hiyo usiogope kuisogeza besi zaidi kuliko ulivyosogeza nyingine.

Zima na kuwasha swichi ya droni mara kadhaa. Zote tatu ziamke pamoja, kwenye noti ile ile, bila kukohoa.

Umefaulu pale huwezi tena kuhesabu droni ngapi zinalia. Mtu aliye chumba cha pili anasikia sauti moja nene.

## Droni zinapokataa: kazi ya tete

Kiungo kikikaribia kuchomoka na noti bado iko juu, au kimeingia chote na noti bado iko chini, tatizo ni tete. Lichomoe kwa kulishika shinani, kamwe usilishike ulimi.

Ulimi wa tete umefungwa uzi mfano wa pete karibu na shina lake. Sehemu ya ulimi iliyo huru, kuanzia kwenye pete hadi ncha, ndiyo inayotetemeka.

Noti iko juu mno. Rudisha pete nyuma kuelekea shina, mbali na ncha. Ulimi unarefuka, noti inashuka. Pete isogee upana wa unywele, siyo upana wa ukucha. Njia ya pili ni kubandika chembe ya nta kwenye ncha ya ulimi. Uzito huo nao hushusha.

Noti iko chini mno. Sogeza pete kuelekea ncha, au ondoa nta kama ipo.

Droni inajifunga ukisukuma kidogo. Ulimi umelala mno. Huu ndio wakati wa unywele: upitishe chini ya ulimi, uuvute taratibu mpaka kwenye shina, kata mabaki. Ulimi unanyanyuka kiasi kisichoonekana kwa macho, na mara nyingi kinatosha.

Droni inakula hewa nyingi na sauti yake ni ya kukwaruza. Ulimi umeachama. Sogeza pete kidogo kuelekea ncha, au ubonyeze ulimi kwa kidole kwa sekunde chache, kisha ujaribu.

Droni inaanza na mlio wa juu kabla ya kushuka kwenye noti yake. Ulimi ni mwepesi. Chembe ya nta kwenye ncha, ndogo kuliko punje ya ulezi.

Fanya badiliko moja, rudisha tete, sikiliza, andika. Ukifanya mawili kwa pamoja na hali ikawa nzuri, hutajua lipi lilisaidia, na wiki ijayo utaanza upya.

## Hatua ya 6: Regulata ziwe kimya kwanza

Kabla ya kutyuni regulata hakikisha inajua kunyamaza. Toa tete lake. Weka mdomo kwenye tundu lilipokaa tete na uvute hewa kama unayenyonya. Vibonyezo vyote vikiwa vimefunga, ulimi wako unapaswa kunaswa na kubaki umenaswa kwa sekunde chache. Ulimi ukiachia mara moja, kuna pedi inayovuja, yaani kile kingozi cha chini ya kibonyezo kinachoziba tundu.

Ili kujua ni ipi, bonyeza kwa kidole kila pedi iliyofungwa, moja moja, huku unavuta. Ile inayozuia uvujaji ukiikandamiza ndiyo mhalifu. Mara nyingi springi imelegea au ngozi ya pedi imekauka na kuacha alama ya duara upande mmoja.

Sababu ya kuhangaika na hili: uvujaji mdogo tu unatosha kulipa tete pa kupumulia, na regulata itaguna yenyewe katikati ya wimbo. Guno hilo wengi hulidhania kuwa ni la droni ya besi, wanaenda kuvuruga droni iliyokuwa nzuri.

Umefaulu regulata zote tatu zikiwa mahali pake, mfuko umejaa, droni zimezimwa, na ukimya ni mtupu.

## Hatua ya 7: Regulata ya tenori, na kwa nini simu inadanganya

Rudisha tete, ziba nafasi za regulata mbili nyingine. Kwanza hakikisha linalia kwa presha yako ya hatua ya 2. Likiwa gumu na lenye kelele, bana taratibu waya wa shaba unaozunguka tete ili midomo yake ikaribiane. Likiwa dhaifu na linajifunga, ubane waya huo upande wa pili ili midomo ifunguke. Koleo iguse tu, usikamue.

Sasa fungulia droni na ubonyeze F#. Kama uliitengeneza kwa simu, ndipo utakapousikia ule mkwaruzo.

Sababu ni hii. Simu imepangwa kwa mgawanyo wa piano, ambamo nusu toni zote 12 ni sawa. F# ya piano ni hezi 370. Lakini droni ya D haitoi D peke yake. Ndani yake kuna sauti nyingine za juu, na ile ya tano ina nguvu sana kwenye bomba la upana mmoja. Hiyo iko hezi 1,468. F# ya simu nayo ina sauti yake ya juu kwenye hezi 1,480. Tofauti ni karibu mapigo 12 kwa sekunde, haraka mno kuhesabika, ndiyo maana sikio linayasikia kama mkwaruzo. Ishushe F# hadi hezi 367 na mkwaruzo unayeyuka.

Ukitaka kwa senti, nusu toni ikiwa senti 100, noti zinazokaa vizuri juu ya droni ya D ziko hivi zikilinganishwa na simu:

- F#: chini kwa senti 14
- G: chini kwa senti 2
- A: juu kwa senti 2
- B: chini kwa senti 16

C mimi huiacha ifuate chanta, kwa kuwa kila fundi huiweka kwa ladha yake. Na hata hizo nyingine, sikio lako likiwa limeshazoea, achana na orodha. Droni zinakuambia.

Sasa mbinu za kusogeza noti. Kila moja ina eneo lake:

Tete husogeza noti zote, lakini zaidi zile za juu, zilizo karibu nalo. Ukilisukuma ndani, C inapanda kuliko F#. Anza hapa, ukitumia C au B kama kipimo.

Pini ya mwisho inashika kijiti au unyasi ulioingia ndani ya njia ya hewa kutokea upande uliozibwa. Kinachojaza njia chini ya tundu hushusha noti ya tundu hilo. Pini hugusa zaidi noti za chini, yaani F# na G. Isogeze baada ya tete.

Nta ndani ya tundu, kwenye ukingo ulio upande wa tete, hushusha noti hiyo moja. Hii ni ya noti iliyobaki peke yake baada ya nyingine zote kukaa sawa. Hakikisha nta haifiki juu ya ukingo, la sivyo pedi haitafunga na umerudi hatua ya 6.

Tete, pini, tete tena, pini tena. Kila duru masahihisho yanakuwa madogo. Usipoona yanapungua, tete halikubaliani na bomba hilo na unahitaji lingine. Hakuna kiasi cha nta kitakachookoa.

Umefaulu ukipiga noti moja kwenye chanta na ile ile kwenye regulata, na droni chini yake, bila pigo lolote kati ya hizo tatu.

## Hatua ya 8: Baritoni, besi, na akodi

Regulata ya baritoni anza na D yake, inayotakiwa kulala juu ya droni ya tenori bila mapigo. Kisha A, halafu F#, mwisho G. Regulata ya besi ina tete kubwa na hujibu polepole. Bonyeza kibonyezo na usubiri kidogo kabla ya kuhukumu.

Zikiwa zote mahali pake, bonyeza F# ya tenori na D ya baritoni pamoja, huku chanta ikipiga A. Hiyo ni akodi kamili ya D. Ikiwa noti moja moja zilikuwa sawa lakini akodi inashuka kidogo, chomeka mpira wako mahali pa regulata ya besi na utazame maji: regulata zinapofunguka zinakula hewa zaidi na presha inaanguka. Dawa yake ni kiwiko, siyo tete. Ongeza msukumo kidogo sekunde ile ile unapobonyeza.

Maji yakituama huku unaingia na kutoka kwenye akodi, na noti ya chanta haitikisiki, seti yako imetyuniwa.

## Joto na unyevu

Joto likipanda nyuzi 1, noti inapanda karibu senti 3. Ukitoka chumba cha nyuzi 22 chenye kiyoyozi ukaenda barazani kwenye nyuzi 30, simu itakuambia umepanda senti 24, na itakuwa inasema kweli. Lakini chanta na droni zimepanda pamoja. Ukiwa unapiga peke yako, usianze kuvuta chanta chini; linganisha droni na chanta upya na uendelee. Ukiwa unapiga na kinanda, hapo huna budi.

Kwa kuwa hewa inatoka kwenye mivukuto na siyo kinywani, kinachoyalowesha au kuyakausha matete ni hewa ya chumba. Mombasa au Zanzibar yatavimba na kuwa magumu kulia. Chumba cha kiyoyozi kule Maskati, au nyumba yenye hita majira ya baridi Toronto, yatakauka na kujifunga. Usibadilishe pete wala waya siku ya kwanza baada ya safari. Acha seti itulie siku mbili tatu, kisha ndipo uchukue koleo.

## Ukikutana na umbo jingine

Kuna ala ambazo kwa macho hazifanani kabisa na hizi, ila ukishaelewa urefu na kuziba, utazisoma.

Musette ya Ufaransa ya karne ya 17 na 18 haina mabomba marefu ya droni. Ina silinda moja fupi, ya mbao au pembe ya ndovu, iliyotobolewa njia nyingi nyembamba zilizo sambamba. Njia hizo zimeunganishwa ncha kwa ncha, kwa hivyo hewa inapanda na kushuka mara kadhaa ndani ya kitu kinachoenea mkononi. Ni ile besi iliyokunjwa, imekunjwa zaidi. Nje kuna mifereji yenye vitelezi: mahali kitelezi kilipo ndipo hewa inapotokea, na hapo ndipo urefu unapoishia. Ukikisukuma mpaka kizibe chote, droni hiyo inanyamaza. Matete yake ni ya ndimi mbili, kwa hiyo usitafute pete ya uzi kwenye ulimi. Tyuni kwa mpangilio ule ule, ya juu kwanza, besi mwisho. Kitelezi kikilegea sauti inapwaya. Hiyo ni kazi ya fundi, na tafadhali usitie gundi wala mafuta.

Bagpaipu ndogo za Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, zina droni zenye vizibo vya kusukuma ili kuzinyamazisha moja moja, na pete zinazofunika tundu dogo la kupandisha droni kwa toni moja. Tyuni kwanza tundu likiwa limefunikwa, kwa kiungo. Kisha lifungue usikilize noti ya pili. Chanta yake imezibwa mwisho, na vidole vyote vikifunga inanyamaza, sawa na regulata.

Na surdelina ya Napoli, aliyoieleza Marin Mersenne mwaka 1636, ilikuwa na mabomba yaliyozibwa yenye vibonyezo vingi kiasi cha kumchanganya fundi yeyote. Ukibahatika kushika nakala yake, anza na lile jaribio la kunyonya la hatua ya 6, bomba kwa bomba, kabla hujaweka tete hata moja.